Kutengeneza DVD ya Mafunzo Yenye Menyu, Lugha Mbili na Maswali: Mwongozo Kamili

Swali la kwanza ambalo mteja yeyote wa Nairobi huuliza ni kwa nini ahangaike na diski ilhali kila mtu ana simu. Ni swali la haki, na jibu lake linategemea nani atakayetazama. Kikundi cha wakulima kinachokutana katika ukumbi wa kanisa kule Makueni kina televisheni moja, deki moja na watu arobaini wanaotaka kuona kwa pamoja. Bando la intaneti halitoshi, mtandao unakatika, na simu ni ya mtu mmoja. Diski haina nenosiri, haina matangazo, na haimdai mtu shilingi baada ya kuipata. Ikitengenezwa vizuri, mtu anaitia kwenye deki, anachagua lugha yake, anachagua somo, anajibu maswali, na hakuna aliyegusa kompyuta.

Sehemu ngumu ni hiyo ya kutengenezwa vizuri. DVD nyingi zinazochomwa mjini ni video moja ndefu iliyotupwa ndani bila mpangilio. Mtazamaji akitaka dakika ya hamsini inabidi apeleke mbele kwa rimoti hadi achoke. Anayetengeneza anakuwa amefikiria kompyuta yake, na hakumfikiria mwenye rimoti. Mwenye rimoti ana mishale minne, kitufe cha kukubali, kitufe cha menyu na tarakimu. Hana kipanya. Kila uamuzi ulio hapa chini, kuanzia ukubwa wa herufi hadi kasi ya kuchoma, unatokana na mtu huyo.

Mfano nitakaoutumia ni diski ya ufugaji wa kuku wa kienyeji: masomo matano ya takriban dakika kumi na sita kila moja, sauti ya Kiswahili na ya Kikamba, manukuu, na maswali matano ya kujipima. Ukiwa unatengeneza diski ya harusi, ya kwaya au ya ibada ya kumkumbuka marehemu, hatua ni zile zile, ila utaruka sehemu ya maswali.

Chora ramani kwanza, kwa kalamu

Usifungue programu yoyote kabla hujaichora diski nzima kwenye karatasi. Chora kisanduku kwa kila menyu na kila kipande cha video, kisha chora mshale kutoka kila kitufe hadi kinapokwenda. Halafu jiulize swali ambalo wengi hulisahau: kipande kikiisha, kinakwenda wapi? Kipande kisichoambiwa pa kwenda huacha skrini nyeusi, na watu ukumbini hudhani deki imeharibika.

Katika mfano wetu, diski ikitiwa inafungua menyu ya lugha. Kutoka hapo inakwenda menyu kuu yenye vitufe vinne: tazama yote, chagua somo, maswali, na badili lugha. Kila somo ni kipande chake (kwenye amri kitaitwa title), namba 1 hadi 5. Baada ya masomo kuna vipande vifupi kumi vya majibu, namba 6 hadi 15: kila swali lina kimoja cha aliyepata na kimoja cha aliyekosa. Mipaka ya DVD ni mipana kuliko utakavyohitaji, kwani inaruhusu vipande 99, sura (alama za kurukia) 99 ndani ya kila kipande, sauti 8 na manukuu ya aina 32. Mpaka utakaokubana ni nafasi, na hesabu yake inakuja.

Kwa nini masomo yawe vipande vitano badala ya kipande kimoja chenye sura tano? Kwa sababu mwalimu wa kikundi akichagua somo la chanjo, anataka likiisha lirudi kwenye menyu ili watu wajadiliane. Sura za kipande kimoja hutiririka hadi mwisho bila kusimama. Hizo zinafaa harusi.

Kurekodi na kukusanya picha

Kenya imo katika nchi za mfumo wa televisheni uitwao PAL: fremu 25 kwa sekunde, picha ya piseli 720 kwa 576. Uhamaji wa matangazo kwenda dijitali uliokamilika mwaka 2015 haukubadilisha hilo kwa upande wa diski. Kama kamera yako inaweza kurekodi fremu 25 au 50, iweke hapo tangu siku ya kwanza. Simu nyingi hurekodi fremu 30, na kuzishusha hadi 25 huleta mtikisiko unaoonekana kamera inapogeuka polepole. Ukilazimika kutumia simu ya namna hiyo, simamisha kamera juu ya kiguu na upunguze kuizungusha.

Kuna sababu nyingine ya kupenda 25. Stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za mirija na nyingi za LED za bei nafuu humetameta kwa mwendo unaoufuata, mara mbili kwa kila mzunguko. Ukirekodi ndani ya banda au ofisi kwa fremu 30 utaona mistari ya kivuli ikipanda na kushuka kwenye picha. Fremu 25 na shata ya 1/50 huondoa tatizo hilo papo hapo, na hakuna programu itakayoliondoa kwa usafi huo baadaye.

Simu zina tabia nyingine ya kuangaliwa: hubadilisha idadi ya fremu zikiwa zinarekodi, hasa kwenye giza. Ukiingiza faili kama hilo kwenye programu ya kuhariri, sauti huanza kupishana na midomo baada ya dakika kumi hivi. Dawa ni kulipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, na kuchagua fremu zisizobadilika, kisha ndipo uhariri.

Nakili kila kitu mara mbili, kwenye diski kuu mbili tofauti, kabla ya kufuta kadi ya kamera. Yape mafaili majina yasiyo na nafasi wala alama: 01_banda, 02_chakula, 03_chanjo. Programu za kutengeneza DVD zimejengwa juu ya zana za zamani ambazo hukwama kwenye jina lenye nafasi au alama ya mkato.

Kuhariri kwa ajili ya televisheni ya zamani

Programu za kuhariri za Shotcut na Kdenlive ni za bure na zinatosha kabisa. Fungua mradi wa fremu 25, umbo la 16:9. Hariri kwa ubora kamili wa picha yako, 1920 kwa 1080 kama ndiyo uliyorekodi, na uache kushusha ukubwa hadi hatua ya mwisho.

Fikiria zile televisheni zenye mgongo ambazo bado ziko kwenye kumbi na sebule nyingi nje ya mji. Hizo hukata kingo za picha. Weka maandishi yote ndani ya asilimia 80 ya katikati, na tendo lolote la maana ndani ya asilimia 90. Mistari myembamba ya mlalo hutetemeka kwenye vioo hivyo, kwa hiyo majedwali yenye mistari ya nywele yaache. Tumia mistari minene au vibao vya rangi. Herufi ziwe nene na kubwa kiasi cha kusomeka na mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Namna bora ya kupima ni kusimama hatua sita au saba kutoka kwenye kompyuta yako na kusoma.

Video iliyorekodiwa simu ikiwa wima itaacha nafasi nyeusi pembeni. Usiivute ijae skrini, kwani kuku watakuwa wanene na watu wafupi. Afadhali ujaze pembeni kwa picha ile ile iliyofifishwa, au uandike maelezo mafupi hapo.

Mwanzoni mwa kila kipande acha nusu sekunde ya weusi. Video ya DVD haiwezi kuanza kuchezwa popote. Huanza kwenye fremu kamili, na fremu kamili hupatikana takriban kila fremu 15 au pungufu. Ule weusi hulinda neno la kwanza la msemaji lisimezwe.

Sauti ndiyo itakayowabakisha watu kwenye viti

Mtazamaji husamehe picha hafifu. Hasamehi sauti anayoitegea sikio. Ukirekodi sauti ya msimulizi Nairobi, tafuta chumba kisichoelekea barabara, na mapazia au magodoro yamefunika kuta, kwa sababu honi ya matatu ikiingia katikati ya sentensi haitoki. Rekodi kwa hezi 48,000. Hicho ndicho kiwango cha DVD, na faili la 44,100 lililozoeleka kwenye muziki litabadilishwa njiani na kupoteza kidogo.

Simulizi ya Kikamba usiifanye kwa kutafsiri neno kwa neno na kumwambia msomaji akimbie ili alingane na picha. Mpe msimulizi maana ya kila tukio na muda wake, aseme kwa lugha yake kama anavyomwambia jirani. Kisha urefu wa faili la Kikamba uwe sawa kabisa na wa Kiswahili, hata kama mwishoni ni kimya kitupu. Kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, sawazisha ukubwa wa sauti kati ya lugha zote mbili na kati ya masomo yote, ili mtu asishike rimoti kila somo likibadilika.

Hesabu ya nafasi

Diski ya kawaida ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, zikihesabiwa kwa elfu. Windows itakuonyesha 4.37, na zote mbili ni kitu kimoja, usishtuke. Chukua namba 37,600, ambayo ni uwezo wa diski kwa megabiti, ugawanye kwa idadi ya sekunde za video yako. Masomo na majibu yetu ni dakika 90, yaani sekunde 5,400. Unapata megabiti 6.96 kwa sekunde. Toa asilimia tano kwa ajili ya menyu, manukuu na ufungaji wa faili: zinabaki 6.6. Sauti mbili za kilobiti 192 kila moja huchukua karibu 0.4. Video inabaki na megabiti 6.2, nami ningeandika 6 ili nisikae ukingoni.

Kwa saa mbili hesabu hiyo hiyo hukupa kama 4.6, bado picha nzuri ya watu wanaozungumza. Saa tatu hushuka chini ya 3, na majani au kuku wanaokimbia hugeuka vigae. Hapo tengeneza diski mbili. Kwa video ya nusu saa hesabu itakupa namba kubwa mno. Kanuni za DVD hazikubali zaidi ya 9.8 kwa video na 10.08 kwa jumla, na deki za bei nafuu huanza kukwama kwenye diski za kuchoma kabla ya hapo. Usipite 8 kwa jumla.

Kugeuza kuwa MPEG-2

DVD ya video haichezi MP4. Inataka MPEG-2, na sauti ya AC-3, MP2 au PCM. DVDStyler, programu tutakayojengea diski, inaweza kufanya ugeuzaji yenyewe, lakini napenda kuufanya kabla kwa FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, kwa sababu nikirekebisha menyu mara nyingi sitaki kusubiri video igeuzwe upya. Amri ya somo moja lenye sauti mbili ni hii:

ffmpeg -i 01_banda.mp4 -i 01_banda_kamba.wav -map 0:v:0 -map 0:a:0 -map 1:a:0 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 6000k -b:a 192k 01_banda.mpg

Neno pal-dvd linaweka ukubwa wa picha, fremu 25, AC-3 na hezi 48,000 kwa mkupuo. Usiache -aspect 16:9, la sivyo deki itabana picha pana katika umbo la 4:3. Vipande vyote, pamoja na vile vifupi vya majibu, viwe na sauti mbili kwa mpangilio ule ule, Kiswahili kwanza. Kipande kimoja kikikosa sauti ya pili, aliyechagua Kikamba atasikia Kiswahili ghafla au asisikie kitu.

Manukuu

Andika manukuu kwa Aegisub au Subtitle Edit na uyahifadhi kama faili la SRT katika UTF-8, usimbaji unaohifadhi herufi kama ũ. Mistari miwili tu, kila mmoja usizidi herufi 37 hivi, na kila nukuu ikae muda wa kutosha mtu kuisoma mara moja na nusu.

Ndani ya DVD manukuu si maandishi. Ni picha ndogo zenye rangi nne tu, mojawapo ikiwa uwazi. Maana yake ni kwamba fonti huchaguliwa na wewe leo na haibadiliki tena. Kikamba na Kikuyu huandikwa kwa ĩ na ũ, na fonti nyingi za mapambo hazina herufi hizo. Zitaweka kisanduku kitupu. DejaVu Sans na Noto Sans zinazo. Angalia neno moja lenye ũ kwenye jaribio la kwanza kabla hujafika mbali. Mtu anayeona lugha yake imeandikwa vibaya kwenye skrini huona amedharauliwa, na ana haki.

Mradi ndani ya DVDStyler

Programu hii ni ya bure, hufanya kazi kwenye Windows na Linux, na inakuruhusu kuandika amri zako mwenyewe, jambo ambalo nyingi rahisi haziruhusu. Adobe Encore, iliyopendwa na studio nyingi, haikuendelezwa baada ya toleo la CS6 la mwaka 2012, kwa hiyo sishauri mtu kuanza nayo leo.

Fungua mradi mpya, chagua PAL, 16:9, diski ya 4.7. Buruta vipande vyako hadi ukanda wa chini kwa mpangilio wa ramani, kisha kwenye sifa za kila kipande weka video na sauti zinakiliwe bila kugeuzwa upya. Kila sauti ipe jina la lugha yake, na ongeza faili la SRT hapo hapo.

Menyu zipo za aina mbili. Kuna menyu za diski nzima, zinazoitwa VMGM, na kuna menyu za seti ya vipande (titleset). Menyu kuu, orodha ya masomo na maswali yote viweke kwenye VMGM, kwa sababu kutoka ndani ya kipande unaweza kuiita menyu yoyote ya VMGM kwa namba yake bila mzunguko. Menyu ya lugha iweke kwenye seti ya vipande, karibu na sauti inazozitawala. Kisha kwenye amri ya kwanza ya diski andika jump titleset 1 menu; ili hiyo ndiyo ianze kuonekana. Kitufe cha Kiswahili kipewe amri audio=0; jump vmgm menu 1; na cha Kikamba audio=1; jump vmgm menu 1; kwani menyu ya 1 ndiyo menyu kuu, na hesabu ya sauti huanzia sifuri. Kitufe cha kuwasha manukuu hutumia subtitle=64; na hapo 64 ndiyo inayoyaamuru yaonekane.

Picha ya usuli ichore kwenye GIMP kwa piseli 1024 kwa 576, na programu itaibana ifae. Menyu ya 16:9 inakubali vitufe 18 tu, lakini mimi sipendi kuvuka sita. Rangi inayoonyesha kitufe kilichochaguliwa ndiyo macho ya mwenye rimoti. Iwe tofauti kabisa na usuli: njano juu ya buluu nzito, siyo kijani juu ya majani. Nimeona menyu nzuri sana ambazo huwezi kujua uko kwenye kitufe kipi, na hizo ni kuta, si milango. Panga vitufe kwa safu moja ya wima na uhakikishe mshale wa chini kutoka kitufe cha mwisho unarudi cha kwanza. Weka namba mbele ya kila kitufe, maana mtu asiyejua kusoma anaweza kubonyeza tarakimu ya rimoti aliyoambiwa.

Muziki wa menyu unaojirudia kila sekunde ishirini utawachosha watu wanaojadiliana. Kwa diski ya mafunzo menyu iwe kimya.

Sasa lile suala la tazama yote. Vipande vyetu vimetengana, hivyo tunaiambia diski ikumbuke. Deki ina visanduku vidogo vya kumbukumbu, kila kimoja kikibeba namba; hapa tutatumia kiitwacho g6. Kitufe cha tazama yote kiandikie g6=1; jump title 1; na kila kitufe cha somo mojamoja kipe g6=0; kabla ya kuruka, kwa mfano g6=0; jump title 3;. Kisha mwisho wa kipande cha 1 andika if (g6==1) jump title 2; call vmgm menu 2; ambapo menyu ya 2 ni orodha ya masomo. Fanya hivyo hadi cha 4, kila kimoja kikitaja kinachofuata. Cha 5 kinarudi menyu tu.

Maswali

Hapa ndipo diski inapopata uhai, na sitaki uharakishe.

Swali zuri la diski ya mafunzo linauliza kuhusu tendo, halijaribu kumbukumbu ya maneno. Badala ya kuuliza dalili tatu za ugonjwa wa kideri ni zipi, onyesha kuku mmoja aliyezubaa pembeni mwa banda na uulize mfugaji afanye nini kwanza: amchinje ale, amtenge na wenzake, au asubiri hadi kesho. Majibu yote matatu ni mambo ambayo watu hufanya kweli. Kwa sababu hiyo kipande cha aliyekosa kina thamani kubwa kuliko cha aliyepata: kinaeleza, kwa upole na bila kengele ya aibu, kwa nini kusubiri hueneza ugonjwa. Kirekodi kwa sauti ile ile ya msimulizi. Watu wanajibu mbele ya majirani zao, na diski isiwaaibishe.

Kila swali ni menyu. Katika ramani yetu menyu ya 3 hadi ya 7 ni maswali, na alama ziko kwenye kisanduku g7. Programu ya dvdauthor iliyo chini ya DVDStyler hujihifadhia g13 hadi g15, kwa hiyo hizo usiziguse. Kitufe cha maswali kwenye menyu kuu kina g7=0; jump menu 3;. Ile g7=0 ni ya lazima: visanduku huwa sifuri diski inapotiwa, lakini havijifuti mtu anapoanza maswali kwa mara ya pili, na kikundi cha pili kingerithi alama za cha kwanza.

Kwenye swali la kwanza, jibu sahihi lina g7=g7+1; jump title 6; na yale mengine mawili yana jump title 7;. Vipande vya 6 na 7 vikiisha, vyote vina call vmgm menu 4. Yaani swali la pili. Endelea hivyo hadi la tano, ambalo vipande vyake vinaita menyu ya 8. Menyu ya 8 ina ujumbe wa anayehitaji kurudia, lakini kabla haijaonekana ipe amri ya kutangulia: if (g7>=4) jump menu 9;. Menyu ya 9 ndiyo ya pongezi. Kwenye menyu ya 8 weka kitufe kinachorudi moja kwa moja kwenye orodha ya masomo, kwa sababu mtu aliyekosa anapaswa kuwa na njia fupi ya kurudi kujifunza.

Usizuie vitufe vya rimoti. Kanuni za DVD zinakuruhusu kumzuia mtu asiruke mbele, na kampuni hutumia hilo kumlazimisha atazame matangazo. Mwalimu anayetaka kurudia swali akikuta kitufe hakifanyi kazi ataitoa diski.

Kujaribu

Usichome bado. Iambie DVDStyler itengeneze faili la ISO, yaani faili moja lenye diski nzima, na ulifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video. Bonyeza kila kitufe huku ukifuata ramani yako ya karatasi na kuweka alama ya vema kwenye kila mshale. Kosa swali mojawapo makusudi, jibu yote sahihi, rudia mara mbili.

VLC ni mpole kuliko deki, kwa hiyo ikikubali bado hujathibitisha lolote. Choma kwenye DVD-RW, ambayo hufutwa na kutumika tena, na uijaribu kwenye deki halisi angalau mbili: moja ya zamani na moja ya bei nafuu kama zile zinazouzwa Luthuli Avenue. Moja iunganishe na televisheni yenye mgongo. Kisha mkabidhi rimoti mtu ambaye hajaiona kazi yako, ukae nyuma yake bila kusema neno. Pale anapositasita ndipo menyu inapohitaji kurekebishwa, hata kama wewe unaiona wazi.

Kuchoma

Nunua diski tupu za DVD-R kutoka kwa muuzaji utakayeweza kumrudia, na uchome tano kabla ya kununua mia. Deki kuukuu huzisoma DVD-R vizuri kuliko aina nyingine. Laptopu za siku hizi hazina nafasi ya diski, kwa hiyo utatumia kichomeo cha USB. Kichomeke kwenye laptopu yenyewe, usipitishe kwenye kigawanyi cha USB, maana umeme ukipungua katikati diski imekwenda.

Kwenye ImgBurn fungua ISO, chagua kasi ya 4x au 8x hata kama diski imeandikwa 16x, na uache alama ya kuhakiki ikiwa imewekwa. Kuhakiki huongeza dakika chache, lakini diski iliyofika Makueni ikiwa mbovu haina wa kuirudisha. Chomea kwenye laptopu yenye betri iliyojaa au chanzo chenye UPS, kwa sababu stima haituambii inapoondoka. Kuhusu maeneo ya dunia, Kenya iko eneo la 5, lakini diski yako iache wazi kwa maeneo yote ili icheze kwenye deki yoyote iliyoletwa kutoka ng'ambo.

Andika juu ya diski kwa kalamu maalumu isiyo na spiriti kali. Karatasi za kubandika huipa diski uzito usio sawa, na joto la deki huinua kingo zake.

Nakala zikizidi mia, maduka yenye mnara wa kunakili katikati ya mji, upande wa River Road ambako filamu za Riverwood zimenakiliwa kwa miaka mingi, watakufanyia kwa siku moja. Wapelekee diski iliyohakikiwa, na uchukue tatu kutoka kila rundo uzijaribu kabla ya kulipa.

Kabla ya kusambaza, kumbuka kwamba filamu zinazouzwa au kuonyeshwa hadharani ziko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na zinapitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. Masuala ya hakimiliki husimamiwa na KECOBO, Bodi ya Hakimiliki Kenya. Wimbo wa mtu usiutumie bila ruhusa yake ya maandishi, hata ukiwa sekunde kumi nyuma ya picha ya kuku. Watu waliorekodiwa nao waulizwe, na wazazi waulizwe kuhusu watoto wao.

Ndani ya kasha tia karatasi moja yenye mchoro wa rimoti na mistari mitatu kwa kila lugha: bonyeza mishale kuchagua, bonyeza kitufe cha katikati kukubali, bonyeza menyu kurudi. Hifadhi ISO, mafaili ya MPG na folda nzima ya mradi kwenye diski kuu mbili zinazokaa nyumba tofauti. Msimu wa chanjo ukibadilika, utarekodi upya somo la tatu peke yake, ulibadilishe mahali pake, na vitufe vyote vitabaki vinaelekeza kulikokusudiwa.